Sie wafumaji sinema bubu tunaielewa

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi, tena wa gazeti la kushika mkononi, lile la kwenye simu nasomewa tu na wajukuu. Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wa burudani kijana wenu mmoja aliandika kuhusu sinema za zamani zisizo na sauti, akasema ni vichekesho vya watu kukimbizana na kupakana keki usoni, na kwamba mtu wa leo mwenye akili zake hawezi kukaa saa moja na nusu anaangalia midomo inachezacheza asisikie neno. Alafu akamalizia kwamba za Wajerumani ndo usiseme, ni mizimu na madubwana matupu. Kijana kaandika vizuri, Kiswahili chake kimenyooka, ila hapo kateleza na mi nimeshindwa kunyamaza, nimemwambia mjukuu wangu kaa hapa uandike mi nasema.

Nimefuma nguo miaka 15. Kiwanda sitakitaja, ni hapa hapa Dar, wenye kujua wanajua. Niliingia 1981 bado binti, nikatoka 1996 na wenzangu wengi kwa kile walichokiita kupunguzwa. Sasa wewe uliyekaa ofisini chini ya feni hujui ukumbi wa kufuma ulivyo. Ni mashine kwa safu, safu mpaka huoni mwisho, kila moja inarusha kile kibao chenye uzi ndani yake kutoka kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, tatata tatata tatata, mara mia na ushee kwa dakika moja, na kikigonga mwisho wa njia yake unakisikia kwenye meno. Humsikii mtu aliye hatua mbili kutoka kwako hata akipiga mayowe. Kwaiyo tulikuwa tunaongea kwa midomo na mikono. Vidole viwili vimeachana maana yake uzi umekatika. Kiganja kwenye kidevu maana yake supavaiza yule mwenye ndevu anakuja, acha porojo. Kupiga kifundo cha mkono ni saa ngapi. Na umbea wote, nani kaolewa, nani kaachwa, nani kakopa hela ya mchezo hajarudisha, ulipita hivo hivo juu ya mashine bila sauti hata moja, na tulicheka mpaka machozi. Ukitoka nje baada ya shifti masikio yanalia nzii, na nyumbani watoto wanakuambia mama mbona unapiga kelele hatujafa masikio. Saivi la kushoto halisikii kabisa.

Kwaiyo mtu akiniambia sinema haina sauti, mi namuuliza kwani tatizo liko wapi.

Sasa mjukuu wangu wa kike anasoma Kijerumani chuoni, na walipewa kazi ya kusoma tamthilia inaitwa Die Weber, yani Wafumaji, ya bwana mmoja anaitwa Gerhart Hauptmann. Akagundua kuna sinema yake ya mwaka 1927, ya Friedrich Zelnik, akaiweka kwenye laptop mezani. Mi nilikuwa nachagua mchele, sina habari. Nikainua macho mara moja nikaona mikono iko kwenye nyuzi. Mchele wenyewe tuliula siku hiyo na mawe yake.

Kwanza nieleze kisa, maana wengi hamkijui, na mi mwenyewe nilikuwa sikijui. Sio hadithi ya kutunga. Kule Silesia, wakati huo nchi ya Prussia na leo upande huo ni Poland, kulikuwa na vijiji vya watu waliofuma nguo nyumbani kwao kwa mkono. Tajiri anakupa uzi, unaenda nao nyumbani, baba anafuma, mama na watoto wanazungusha uzi, mkimaliza jora mnalibeba mgongoni mpaka kwa tajiri, analikagua analipa. Mashine hana, nyumba hana, taa ya kufumia hana, vyote ni vyako na njaa ni yako, yeye ana uzi na mizani. Nguo za mashine za Uingereza zilipojaa sokoni bei ikashuka, na kila ilivoshuka tajiri alimshushia mfumaji. Mwezi Juni 1844 kwenye vijiji viwili, Peterswaldau na Langenbielau, watu wakachoka. Walikuwa na wimbo wao, wanauita Blutgericht, yani hukumu ya damu, wenye majina ya matajiri humo humo ndani, na matajiri wakubwa walikuwa ndugu wa ukoo wa Zwanziger. Wakauimba nje ya nyumba yao, mwenzao mmoja akakamatwa, kesho yake tarehe 4 wakaenda kundi zima kumdai na kudai malipo, nyumba ikavunjwa. Tarehe 5 wanajeshi wakafyatua risasi kule Langenbielau, wakafa watu 11. Tarehe 6 yakawa yamekwisha.

Miaka karibu 50 baadae Hauptmann akaandika tamthilia yake, ikatoka 1892. Babu yake mwenyewe alikuwa mfumaji maskini ujanani, na Hauptmann alizisikia hizo habari kwa baba yake, na kitabu kakitoa kwa baba yake huyo. Kwanza aliiandika kwa lugha ya kijijini kwao Silesia, jina De Waber, alafu akatoa nyingine iliyosogea kwenye Kijerumani cha mjini ili watu waelewe. Kitu kimoja mjukuu alichonionyesha kikanifurahisha, hamna nyota humo. Hamna shujaa mmoja anayepanda farasi. Kila kitendo kina watu wake, wengine unawaona mara moja tu huwaoni tena, kama kwenye daladala. Ndo maisha ya kiwandani yalivyo, sisi tulikuwa mia na hakuna aliyekuwa nyota isipokuwa mhasibu siku ya mshahara.

Haya, sasa sehemu ambayo mi ndo imenifanya niandike barua.

Mwanzo wa tamthilia ni ofisini kwa tajiri, kwenye mchezo anaitwa Dreissiger. Hauptmann kaandika mpaka saa ya ukutani, ni saa sita mchana, mwishoni mwa mwezi wa tano, kuna joto la kubana. Wafumaji wamejipanga na majora yao. Nyuma ya meza kubwa kasimama karani anaitwa Pfeifer, ana bikari ya kupimia na kioo cha kukuzia, analitandaza jora, anapima, anachungulia uzi kwa uzi, alafu linawekwa kwenye mizani kijana mwingine anasoma uzito, alafu unaenda kwa keshia, Neumann, unapewa chako. Hauptmann anasema hao watu wamesimama kama wako mbele ya hakimu wanasubiri kuambiwa wataishi au watakufa. Na kwenye sinema ndo hivohivo, ila sinema ina kitu kimoja ambacho maandishi hayana, nacho ni uso wa mtu anayeangalia mkono wa mwingine ukipita juu ya nguo yake.

Mhariri, mi nimesimama pale. Kiwandani kwetu kulikuwa na meza ya ukaguzi, juu imelazwa kioo na chini kuna taa, kitambaa kinavutwa juu yake ili kila kasoro ionekane, na mkaguzi ana chaki. Uzi umeruka, chaki. Doa la oili, chaki. Mtande, yani uzi wa urefu wa nguo, umekatika ukaunganishwa vibaya, chaki. Na kila alama ya chaki ina pesa yake inayotoka kwako, wakati nusu ya hizo kasoro ni uzi mbovu walioleta wao wenyewe au mashine haijafanyiwa sevisi tangu mwezi wa pili, ila chaki haiulizi. Unasimama pembeni hujaambiwa usimame, huwezi kuondoka, unaangalia ule mkono. Ukisimama pale wiki nyingi unakuja kujua kwa mkono tu, kabla chaki haijagusa nguo, kwamba leo kaamka vibaya. Sinema ilipofika pale mi nilishika ukingo wa meza. Mjukuu akaniuliza bibi vipi, nikamwambia angalia mkono wake, usiangalie mdomo.

Na kumbe huyo Pfeifer zamani alikuwa mfumaji mwenyewe! Hapo nilicheka kwa uchungu. Wa kwetu nae alikuwa hivohivo, tulianza nae mwaka mmoja kwenye shifti ya usiku, tulikula mihogo kwenye sahani moja, akapewa chaki na koti jeupe, bas, akawa hatujui. Mtu ambaye hajawahi kufuma unaweza kumdanganya, unamwambia uzi mbovu anakubali. Aliyewahi kufuma humdanganyi, anajua kila ujanja kwa sababu aliufanya yeye. Hauptmann alijuaje hilo sijui, labda babu yake.

Hapo hapo kuna mtoto wa miaka minane kaletwa na jora peke yake, anaanguka kwa njaa mbele ya tajiri. Na Dreissiger anashtuka kweli, sio katili wa kwenye katuni, mtoto anabebwa anapewa huduma, alafu tajiri anageuka anaanza kulaumu wazazi, inakuwaje mnamtuma mtoto mdogo hivi na mzigo. Na anamaliza kwa kutangaza kama vile ni sadaka kwamba ataajiri wafumaji wengine 200, na masharti anamwachia Pfeifer ayaseme, silbergroschen 10 jora, zile sarafu ndogo za Prussia. Yani anashusha bei na anataka apigiwe makofi. Kwenye sinema Dreissiger ni Paul Wegener, yule jitu la mtu mwenye uso kama umechongwa kwenye gogo, na huyo ndo maana nasema sauti ya nini, alivyosimama tu unasikia anachosema. Mi bosi wangu wa kwanza alikuwa anasimama hivohivo, miguu imeachana, mikono nyuma.

Kuna kitu kingine cha njaa. Mzee Baumert anachinjisha mbwa wake mdogo ili wapate nyama. Miaka miwili hajaonja nyama. Anakula, na tumbo limeshasahau, linaikataa, anatoka nje anatapika. Mjukuu alifumba macho. Mi sikufumba, nilikuwa namuwaza mama mmoja mwenzetu, marehemu saivi, mwezi ambao mshahara ulichelewa wiki sita alikuwa anakuja kazini na chupa ya chai ya rangi tu na anasema kwa mikono kwamba amefunga. Haikuwa Ramadhani, na yeye alikuwa Mkristo.

Sasa maandishi. Kijana wenu anasema kusoma maandishi katikati ya sinema kunachosha. Hii maandishi yake kayachora George Grosz, mchoraji wa Berlin aliyekuwa anawachora matajiri na majenerali mpaka anapelekwa mahakamani. Herufi zake hazijakaa kama za gazeti, zimepinda, kama za mtu ambaye mkono unatetemeka, na watu wakizidi hasira nazo zinakua. Ule wimbo unapoanza kuimbwa unauona. Mi Kijerumani sikijui hata salamu, mjukuu ndo alikuwa ananisomea sikio la kulia, lakini zile herufi zilivyojaa kioo sikuhitaji kusomewa. Na nitasema kitu, sinema hii imesafishwa miaka ya karibuni na imewekewa muziki mpya, mjukuu akaufungulia, nikamwambia zima. Tukaangalia kimya kabisa, feni tu inazunguka. Kwangu hivo ndo ilikuwa sawasawa.

Mnajua lakini jinsi tamthilia yenyewe ilivyopata ruhusa? Hii ndo nimeipenda kuliko zote. Polisi wa Berlin waliipiga marufuku 1892, wakasema itachochea watu. Ikachezwa Februari 1893 kwa siri kidogo, kwenye klabu ya wanachama, ambako sheria ya ukaguzi haikufika. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka huohuo 1893 mahakama ikaruhusu ichezwe ukumbi wa Deutsches Theater. Sababu yao? Eti tiketi za ukumbi ule ni ghali na viti vya bei ya chini ni vichache, kwaiyo watakaoiona ni watu wa tabaka ambalo haliwezi kufanya fujo. Yani mchezo wa wenye njaa umeruhusiwa kwa sharti kwamba wenye njaa wasiuone. Nilimwambia mjukuu arudie kunisomea mara mbili nikidhani kakosea. Ulipochezwa hapo Septemba 1894, Kaizari Wilhelm II akakasirika akaachia kiti chake cha kudumu kwenye ukumbi ule. Kulikuwa pia na mama mmoja mchoraji, Käthe Kollwitz, aliona ule mchezo wa 1893 akachora picha sita za maasi ya wafumaji, miaka mitano ikapita, waamuzi wa maonyesho wakapendekeza apewe medali, Kaizari akakataa tena. Alikuwa na kazi huyo bwana.

Na Wajerumani hao hao miaka hiyo hiyo walikuwa huku kwetu. Mi asili yangu ni Umatumbini, na huko hakuna asiyejua pamba ililetwaje. Viwanda vya Ujerumani vilitaka pamba isiyotoka Marekani, wakaja kuilimisha hapa kwa amri, mashamba ya maakida na majumbe, unaacha shamba lako la mtama unaenda kulima la kwao. Julai 1905 pale Nandete watu wakaenda wakang'oa miche ya pamba, na hapo ndo Maji Maji ikaanza. Babu yangu alikuwa anasema wamatumbi hawakugombana na mtu, waligombana na mmea. Nilivyoona kwenye sinema wale Wajerumani wenyewe wanavyokonda juu ya uzi wa pamba nikaona kumbe uzi ule ule ulitufunga pande zote mbili. Ila hapa nisiende mbali, hiyo barua nyingine.

Sasa nisije nikaonekana nasifia tu. Kuna mahali mi na bwana Zelnik hatuelewani. Huyu alikuwa mtu wa sinema nyepesi, za mapenzi na muziki, mkewe Lya Mara ndo nyota wake, na hii ilishangaza wengi. Mwaka mmoja kabla, 1926, ilifika Berlin sinema ya Warusi, Potemkin, umati unakimbia, buti za wanajeshi zinashuka ngazi, kila mtu mjini alikuwa anaizungumzia, na watu wakaja kuiita hii Potemkin ya Kijerumani. Kwaiyo amejaza umati. Kwenye kuvunja mashine ndo kajimwaga haswa, vyuma vinapondwa, watu wanarukia. Ni kweli kwenye tamthilia wanatoka kwenda Langenbielau kuvunja mitambo ya tajiri mwingine, Dittrich, halijazuliwa. Ila ukikaa sana pale, mtu asiyejua anatoka na picha kwamba hawa walikuwa washamba wanaoogopa mashine, na mjukuu wangu alisema hivohivo, bibi walikuwa wanapinga maendeleo. Nikamwambia wewe. Mi mashine yangu niliipenda. Nilikuwa nafika robo saa kabla ya shifti naifuta vumbi la pamba kwa kitambaa changu, niliipa na jina, sitalisema hapa maana mwenye jina yupo hai. Hakuna mfumaji anayechukia mashine, anachochukia ni ile meza yenye mizani. Wale watu walianza kwa kudai malipo na mwenzao aliyefungwa, hayo mengine yalifuata baada ya kujibiwa vibaya. Ningekuwa mi ndo Zelnik ningewarudisha pale mezani waivunje ile bikari, kioo cha kukuzia na mizani, vitu vidogo vitatu, ningekaa hapo dakika tano nzima.

Bora zaidi ni nyumbani kwa tajiri. Wanaingia sebuleni na kwanza wanaogopa! Hauptmann kaandika kwamba wanaingia kwa aibu, wengine wanajaribu kukalia viti na sofa, wasichana wanasimama kwenye kioo wanajitazama. Fikiria, umefuma maisha yako yote na hujawahi kujiona umesimama mzima. Sisi siku moja tulitumwa watatu kupeleka sampuli ofisi ya juu, tukakuta zulia, mmoja wetu akavua ndala mlangoni kama anaingia msikitini. Kuvunja kunakuja baadae sana.

Bas, limebaki la mzee Hilse, na nilikuwa najiuliza kama niliseme. Kitendo cha mwisho ni nyumbani kwake Langenbielau. Mzee mcha Mungu, aliwahi kuwa askari, ana mkono mmoja. Watu wote wako barabarani, wanajeshi wamefika, mwanae anavutwa huku na huku, mkwe wake, mwanamke mkali huyo, anatoka. Mzee anakataa. Anasema mi Mungu kaniweka hapa nifume, nitafuma. Anakaa kwenye mtambo wake karibu na dirisha. Risasi inaingia inamuua hapo hapo, yeye ambaye hakwenda. Kwenye tamthilia mkewe yuko palepale, kipofu na masikio yamekufa, hajui kilichotokea, anamwambia mume wangu hebu sema neno, unanitia woga.

Watu wanabishana mpaka leo Hauptmann alitaka kusema nini pale, kwamba mzee alikuwa sahihi au mjinga. Mi sibishani. Mwaka ambao tuligoma kiwandani kwetu, kabla ya kupunguzwa, wenzangu walizima mashine wakatoka uwanjani, ukumbi mzima ukanyamaza. Mi sikutoka. Nilikuwa na watoto wanne na karo ya wawili, na supavaiza alikuwa ameninong'oneza kwamba watakaobaki watakumbukwa. Nikabaki na wengine kama sita hivi. Mashine yangu ikawa inalia peke yake ndani ya lile jumba, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake yenyewe, moja, sio ya mia. Dirishani nikawaona wenzangu wananiangalia. Yule mama wa chai ya rangi akaninyooshea mkono akanipa ishara ya uzi umekatika, vidole viwili vimeachana. Sikuijibu. Miaka miwili baadae nikapunguzwa pamoja nao, karatasi moja, tarehe moja, jina langu likiwa katikati ya majina yao kwa alfabeti.

Ndo maana mzee Hilse nilimwangalia nimesimama. Sikuweza kukaa.

Waliotengeneza sinema ile wengi walitawanyika. Zelnik alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, wanazi walivyoshika nchi 1933 akahama, akafia London 1950. Wilhelm Dieterle, aliyecheza Moritz Jäger, yule askari anayerudi kijijini na ule wimbo, alishatangulia Hollywood akawa mtengeneza sinema mkubwa. Wegener na Hauptmann walibaki Ujerumani.

Mhariri, ninachoomba ni kidogo. Mwambieni kijana wenu aitafute aiangalie, azime na muziki. Alafu aandike tena, hata kama bado ataona inachosha aandike hivohivo, sitakasirika, ila asiseme haina sauti. Na kama ana bibi au mama aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo akae nae waangalie pamoja, amuulize mikono ile inafanya nini, maana mengine hayajaandikwa kwenye maandishi ya Grosz wala hayamo kitabuni.

Usiku ule ilipokwisha mjukuu akafunga laptop akanigeukia akasema kitu, upande wa sikio langu bovu, sikusikia. Nikaona midomo tu. Alikuwa ananiuliza, yule mama alikusamehe? Nikampa ishara ya mkono, akasema bibi mi hiyo siijui, na mi nikaenda kuosha vyombo.

Mfumaji mstaafu,
Dar es Salaam